Maji yakimwagika Mangapwani hayatazoleka

Najua nimeadimika. Wiki mbili hizi nilikuwa nakimbizana na habari moja ambayo mwishowe mhariri wangu ameikataa. Hakuikataa kwa ubaya. Ni mtu mwema, na ndiye aliyenifundisha kuandika aya ya kwanza ya habari. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniambia: "Kijana, konokono hauzi gazeti." Halafu akanituma nikaandike mkutano wa waandishi wa habari kwenye hoteli moja mjini. Nikaenda, maana kodi ya nyumba nayo hailipwi kwa konokono. Lakini ile habari imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na leo nimeamua kuitoa hapa.

Naanza kwa kukiri. Mimi ni mmoja wa waandishi walioandika habari za bandari ya Mangapwani. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeichagua Mangapwani iwe pahala pa bandari mpya kubwa, ya mizigo, ya mafuta na ya gesi, kwa sababu bandari ya Malindi imebanwa na Mji Mkongwe na haina pa kujinyoosha. Nimeandika habari za meli kubwa, za kontena, za ajira. Nimeandika mpaka nimechoka. Sikuuliza hata siku moja meli hizo zitakuja na nini tumboni ukiacha mizigo. Aliyenifanya niulize ni mama mmoja mwenye ndoo ya kombe.

Kwa msiopajua, Mangapwani iko kama kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe. Unapanda daladala ya Bumbwini, unaipita Bububu, minazi na migomba inaanza kukaribiana, unashuka na kutembea kidogo. Wageni wengi wanakwenda kwa mapango mawili. Moja ni la asili, la jiwe la matumbawe, na ndani yake mna maji baridi. La pili si la asili: ni chumba kilichochongwa kwenye jiwe, ambamo binadamu wenzetu walifichwa baada ya biashara ya watumwa kupigwa marufuku mwaka 1873, wakingojea vyombo vya usiku. Kwa hiyo pwani hii si ngeni kwa habari za vyombo. Inajua kwamba si kila kinachotia nanga kinaleta heri.

Siku niliyofika bahari ilikuwa bamvua na maji yamekupwa. Yule mama alikuwa ameinama kwenye miamba na kipande cha chuma, anachokoa.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nikajitambulisha. Aliposikia ni mwandishi akanyanyuka, akajishika kiuno. "Hiyo bandari, mwanangu, nyinyi ndio mnaojua. Hizi kombe zitabaki?"

Nikamjibu kama mwanasiasa. Nikasema masuala ya mazingira yatazingatiwa. Pembeni kulikuwa na mzee mmoja anayeshona wavu. Akacheka. "Muulize hivi," akamwambia yule mama, "farumi watamwaga wapi?"

Jamani, nimemaliza Mlimani, nina shahada, na neno farumi nilikuwa silijui. Mzee akanifundisha palepale bila ada. Jahazi likienda tupu, bila ya shehena, linakuwa jepesi juu ya maji na upepo unaweza kulipindua. Kwa hiyo nahodha anapakia mawe au mchanga chini ya chombo ili kitulie. Hiyo ndiyo farumi. Ukifika bandari ya kupakia shehena, farumi huna haja nayo tena, unaimwaga. "Mawe yanabaki kwa wenyewe," akasema, "na wewe unaondoka na karafuu zako."

Meli za leo hazibebi mawe. Zinabeba maji. Meli ikishusha mizigo inavuta maji ya bahari au ya mto kuingiza kwenye matangi yake, maelfu ya tani, ili isiyumbe njiani. Ikifika pale inapopakia mizigo mingine, inayamwaga. Kanuni ni ileile ya jahazi, ila jiwe halizai. Maji ya bandari yana mayai, yana vifaranga vya samaki na kaa, yana watoto wa kome na chaza wasioonekana kwa macho. Unayavuta upande mmoja wa dunia na kuyamwaga upande wa pili. Waliomo ndani wengi wanakufa njiani. Wachache hawafi.

Sasa ngoja nikupeleke mbali kidogo, maana huko ndiko somo hili lilikosomwa kwa gharama kubwa. Nao Amerika Kaskazini wana Maziwa Makuu yao. Mwaka 1988, katika Ziwa St. Clair lililo kati ya Marekani na Kanada, alionekana kome mdogo mwenye milia kama punda milia. Wengi wao wana ukubwa wa kokwa ya tende. Kwao asili ni upande wa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Hakuogelea kuvuka Atlantiki. Maji ya chumvi yangemuua. Alisafirishwa ndani ya maji ya farumi ya meli, kama abiria asiye na tiketi.

Kome wenyeji wa maziwa yale ni watu wa zamani, kama ningeruhusiwa kusema hivyo. Wanaishi miaka mingi, wengine makumi ya miaka. Wanakua taratibu. Watoto wao hawawezi kuanza maisha bila kupanda kwanza kwenye samaki, wakajishika kwenye matamvua au mapezi kwa muda, halafu wakadondoka chini na kuanza kujitegemea. Yule mgeni hana habari na hayo. Jike mmoja anaweza kutoa mayai yanayofika milioni moja kwa mwaka, na watoto wake wanaelea wenyewe bila kumwomba samaki lifti. Akikua anajishikiza kwa nyuzi kwenye kitu chochote kigumu: jiwe, bomba, mashua, na hata gamba la kome mwenyeji. Wanajipanga juu yake kwa mamia na kwa maelfu. Yule mwenyeji anashindwa kufungua gamba lake, anashindwa kutembea, na chakula kilichokuwa kikipita mbele yake kinaliwa na waliompanda mgongoni. Anakufa kwa njaa nyumbani kwake. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990, kome wenyeji walikuwa karibu wamekwisha katika maji ya wazi ya Ziwa St. Clair. Haikuchukua hata miaka kumi.

Na usidhani ni msiba wa kome peke yao. Mwishoni mwa mwaka 1989 mji wa Monroe, katika jimbo la Michigan, ulikosa maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu njia ya kuvutia maji kutoka ziwani ilikuwa imeziba, na kome hao walikuwa miongoni mwa walioiziba. Sisi wa Unguja tunajua maana ya kukosa maji. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na maji, ila kiumbe mdogo kama kokwa ya tende alikaa mlangoni.

Alikuwapo na mwengine kabla yake, chaza mdogo wa maji baridi kutoka Asia. Alionekana katika Mto Columbia, magharibi ya Marekani, mwaka 1938, na tangu hapo ameenea sehemu kubwa ya nchi ile. Huyu hana haja hata ya mume wala mke, anaweza kujizalisha mwenyewe. Mmoja akidondoka mtoni, ukoo umeanza. Anagombania chakula na nafasi na kome wenyeji, na likija joto kali wanakufa wengi kwa mpigo, wanaoza, na uozo wao unaharibu maji na kuwaua wale wenyeji waliobaki.

Najua kuna atakayesema: hayo ni ya Marekani, yanatuhusu nini? Haya, turudi nyumbani.

Ziwa Nyasa ni letu pia. Ukisimama Matema au Mbamba Bay unalitazama. Ni maarufu duniani kwa samaki wake wa rangi, lakini chini kwenye mchanga wake wanaishi konokono wadogo wa jamii ya Melanoides, na baadhi yao hawapatikani pengine popote ulimwenguni. Mwaka 2004 watafiti walichapisha jambo ambalo mimi nilipolisoma nilisimama. Kwa kupima vinasaba waligundua kwamba miongoni mwa konokono hao wamo wenye asili ya Asia. Hawakuwa wachache waliojificha kwenye kona moja. Walikuwa wameshajipenyeza na kuongezeka, na hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu wanafanana mno na wenyeji. Ukiwaweka kiganjani wewe na mimi hatutaona tofauti. Jike mmoja anatosha kuanzisha ukoo. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba vijidudu nyemelezi vinavyowaingia konokono wenyeji havikuonekana kwa yule mgeni. Yaani mwenyeji anaumwa, mgeni ni mzima, na wote wanakula sahani moja.

Huyo ndiye konokono ambaye hauzi gazeti. Nami nakubali kwamba hauzi. Hapigi watu, hana chama, hajaiba fedha za umma. Lakini hebu tujiulize: kama ziwa linalotazamwa na wanasayansi kutoka kila pembe ya dunia liliweza kuingiliwa kimyakimya namna hiyo, Mangapwani ambako anayetazama chini ya maji ni yule mama na ndoo yake, nani atajua?

Zanzibar tunao mfano wetu mwengine, tena huyu anapiga kelele kila asubuhi. Kunguru. Wale kunguru wa Mji Mkongwe wenye shingo ya kijivu si wa hapa. Waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, enzi za Waingereza, kwa nia njema kabisa ya kusafisha taka za mji. Wakasafisha taka. Wakasafisha pia mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku wa mama zetu, na kila kilichoachwa wazi jikoni. Halafu wakavuka bahari kwenda Bara. Miaka zaidi ya mia baadaye, Dar es Salaam imewatilia sumu, na mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Milioni moja! Aliyefungua vizimba siku ile ya kwanza alikuwa na ndege wangapi? Hesabu yake ingeweza kuandikwa nyuma ya bahasha.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, na kama msomaji una haraka chukua hii uende nayo: kiumbe mgeni ana siku moja tu ambayo kumzuia ni rahisi, nayo ni siku kabla hajaingia. Kila siku baada ya hapo bei inapanda, mpaka inafika siku ambayo hata uwe na fedha hununui. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Nadhani walikuwa wanazungumzia farumi.

Sasa nijibu maswali ambayo nimeshaulizwa kijiweni, maana marafiki zangu ni watu wa kubisha.

La kwanza: kome wa maji baridi atakufa baharini, na Unguja hatuna ziwa, sasa hofu ya nini? Ni kweli, yule mwenye milia hataishi Mangapwani. Lakini bahari ina kome wake. Mwezi Machi 1999, katika bandari ndogo za mashua za mji wa Darwin, kaskazini ya Australia, alikutwa kome mwenye asili ya upande wa Karibiani na Amerika ya Kati, anayestahimili joto na kila aina ya chumvi. Miezi michache kabla maeneo yaleyale yalikuwa yamekaguliwa na hakuwepo. Alipoonekana alikuwa tayari amepanga matabaka kwenye nguzo na mashua. Waaustralia hawakuunda kamati ya kuchunguza kamati. Walifunga milango ya bandari zile, wakatia klorini na chumvi ya shaba, wakaua kila kitu ndani, wakakagua mamia ya vyombo vilivyokuwa vimepita pale, na ndani ya wiki chache wakammaliza. Iliwagharimu zaidi ya dola milioni mbili za kwao. Waliweza kwa sababu mbili tu: walijua nini kilikuwapo kabla, na bandari zile zilikuwa na milango ya kufunga. Mangapwani haina mlango. Ni bahari wazi, mkondo unapita, na kitakachoshikwa na mkondo leo kesho kiko Nungwi.

La pili, hili aliuliza rafiki yangu mchumi na ni swali zuri: Zanzibar inaagiza zaidi kuliko inavyouza. Meli zinakuja zimejaa na kuondoka tupu. Kwa hiyo zitavuta maji hapa na kwenda kuyamwaga kwingine. Sisi ndio tutakaopeleka viumbe kwa wenzetu. Kwa bandari ya jana alikuwa sahihi. Lakini inayozungumzwa Mangapwani ni bandari ya kupokea mizigo na kuisafirisha tena kwenda nchi nyingine. Bandari ya namna hiyo meli inashusha na meli inapakia. Inayokuja kupakia inakuja na farumi, na lazima iimwage. Tena hatukutaja vinavyojibandika nje ya meli, kwenye ubavu na chini, ambavyo havihitaji tangi wala ruhusa. Na hata ukweli wake ule wa kwanza ukibaki, kuwapelekea jirani balaa si jambo la kujivunia.

La tatu: wewe unapinga maendeleo. Sipingi. Mimi nimekaa Malindi nikingojea kontena la ndugu yangu mpaka nikajua majina ya wapagazi wote. Bandari tunaihitaji. Ninachosema ni kwamba nyumba mpya inawekewa mlango kabla ya kuhamia, si baada ya mwizi wa kwanza.

La nne ndilo zito, nami nalichukua kwa uangalifu. Mtu akisema "wageni" na "wenyeji" Zanzibar, masikio yanasimama, na yana sababu ya kusimama. Naomba nieleweke. Sizungumzii watu. Sisi sote hapa ni watoto wa walioshuka kwenye chombo fulani. Jina lenyewe Mangapwani ni Manga na pwani, Manga ikiwa ni Uarabuni, na katika mazungumzo ya hii bandari mpya Oman imetajwa sana, yaani Manga inarudi palepale. Mtu akija anajifunza lugha, anaoa, anazika, anakuwa wa hapa. Wala si kila kiumbe mgeni ni balaa. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani mbegu yake ilitoka Ufilipino, kilimo kikaanza mwaka 1989, na kuna nyumba ngapi pwani ya mashariki zilizoezekwa bati kwa fedha za mwani ambazo mwanamke alizishika mkononi mwake mwenyewe? Nawavulia kofia. Lakini mwani huohuo umeshatoka mashambani. Watafiti waliopima vinasaba wameukuta ule wa asili ya Asia umeenea mahala ambapo mwani wetu wa porini ulikuwa unaota, nao unafanana nao kama konokono wa Nyasa. Tulipata faida, na kuna kitu tulilipa bila kukihesabu. Sisemi tusingelima. Nasema tungehesabu.

Basi nini kifanyike? Sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu halafu nikaenda kunywa kahawa Jaws Corner.

Kwanza, kabla nguzo ya kwanza haijapigwa na kabla mchanga haujachimbwa, ihesabiwe bahari ya Mangapwani. Ni nani wanaoishi pale: kome gani, chaza gani, kombe gani, mwani gani, wangapi, wapi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapahapa Unguja, na kazi hii inaiweza. Darwin waliokolewa na daftari la kabla. Bila daftari hilo, siku akionekana mgeni tutabishana miaka mitano kama alikuwapo siku zote.

Pili, sheria ya dunia ipo na tusijifanye hatuioni. Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi ulipitishwa mwaka 2004, ukaanza kufanya kazi Septemba 8, 2017, na tangu Septemba 2024 meli zinazohusika nao zinatakiwa ziwe na mitambo ya kusafisha maji hayo kabla ya kuyamwaga. Njia ya zamani ilikuwa kubadilisha maji katikati ya bahari kuu, maili 200 kutoka nchi kavu, mahala ambapo viumbe wa bandari hawana pa kushika. Meli ina cheti, ina daftari linaloandikwa maji yamevutwa wapi na yamemwagwa wapi. Lakini mkataba bila mkaguzi ni karatasi. Swali langu kwa Shirika la Bandari, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ni la mtu wa kawaida kabisa: siku meli ya kwanza kubwa ikifunga kamba Mangapwani, nani ataingia kulisoma lile daftari? Ana chupa ya kuchukulia maji? Ana darubini ya kuyatazamia? Ana uwezo wa kumwambia nahodha "hapana" na bosi wake asimpigie simu?

Tatu, na hili halina gharama kubwa, wafundishwe wale ambao macho yao yako majini kila siku. Mwanasayansi anakuja mara mbili kwa mwaka. Yule mama anakuja kila maji yakikupwa. Anajua kila jiwe na kila kinachoota juu yake. Apewe picha za viumbe wanaoogopwa na namba ya kupiga, na akipiga, kuwe na mtu anayepokea na asiyemcheka. Kwa hili la mwisho ndipo ninapoona mashaka makubwa kuliko yote, maana nchi yetu haina uhaba wa watu wanaojua. Ina uhaba wa watu wanaosikiliza mwanamke mwenye ndoo.

Nilirudi Mangapwani juma lililopita, baada ya habari yangu kukataliwa. Nilikuwa nimechapisha kwenye karatasi picha ya yule kome wa Darwin. Nikamkuta mama yangu palepale. Akafuta mikono kwenye kanga, akaishika ile karatasi, akaitazama muda mrefu kuliko mhariri alivyoitazama habari yangu.

"Huyu hapa hayupo," akasema.

"Una hakika, bi mkubwa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana hakika na majina ya wanawe. "Hayupo, mwanangu. Bado."

Hilo ndilo daftari la kabla tulilonalo mpaka sasa, ndugu zanguni. Limo kichwani mwa mwanamke mmoja wa makamo, na hakuna ofisi iliyokwenda kulisoma. Amenirudishia karatasi? Hapana. Ameikunja akaitia kwenye pindo la kanga, akasema atawaonyesha wenzake. Kazi ambayo gazeti langu halikuifanya, yeye ameianza kwa miguu, mwamba kwa mwamba.

Nami kazi yangu ni hii niliyoifanya hapa. Wewe unayesoma, ukimjua mtu katika ofisi moja kati ya hizo nilizozitaja, usimpelekee makala yangu. Mpelekee swali la yule mzee anayeshona wavu, kwa sababu ni fupi na linatosha: farumi watamwaga wapi?

Naomba kuwasilisha. Tukijaaliwa, tuonane juma lijalo.